Jina Lako Liko Kwenye Daftari Gani?

Mazungumzo ya leo yanahusu maneno machache ambayo anayeishi kwenye mwambao huu wa Ziwa Mweru huyasikia mara kwa mara, awe Nchelenge mjini, Kashikishi, Chienge, Mantapala, au kule kwenye Kisiwa cha Kilwa kilicho ndani ya ziwa upande wa Zambia (Kilwa hii si ile ya ng'ambo Kongo, wala si Kilwa Kisiwani ya Tanzania). Maneno yenyewe ni kuandikwa, kuandikishwa, kujiandikisha, kusajiliwa, kujisajili, kuorodheshwa na kujiunga. Mkalimani huyasema akiwa mbele ya foleni, mwenyekiti wa kijiji huyarudia mkutanini, nasi wa redio huyasoma kwenye matangazo, leo hili, kesho lile, kana kwamba yote ni mamoja. Mimi nashikilia kwamba si mamoja. Kila neno kati ya hayo humwambia msikilizaji ni nani anayefanya tendo, jina linaingia katika daftari lipi, na mtu ataondoka mezani na nini mkononi. Tangazo linapoyachanganya, watu wanaamini wamemaliza jambo ambalo ndiyo kwanza wamelianza, na wanaoumia zaidi ni wale wanaotegemea Kiswahili peke yake katika wilaya ambayo ofisi zake zinaandika Kiingereza na watu wake wanazungumza Kibemba.

Nianze na mahali ambapo Kiswahili ndiyo lugha ya serikali, ili isidhaniwe kwamba tofauti hizi nazibuni mimi. Tanzania iliporudisha mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, iliweka ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa. Tangu hapo Mtanzania anayefuatilia siasa anatumia vitenzi vitatu kwa mambo matatu na hachanganyi. Chama husajiliwa. Mwanachama hujiunga. Mpiga kura hujiandikisha katika Daftari la Kudumu. Hata usajili wenyewe una hatua mbili, wa muda na wa kudumu, kwa sababu anayeamua ni msajili, naye anaweza kukubali au kukataa. Nani amewahi kumsikia mtu akisema amesajiliwa CCM, au kwamba chama chake kimejiandikisha kupiga kura? Michezoni ni vilevile: Simba na Yanga husajili wachezaji, na dirisha la usajili hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe, lakini shabiki anayelipia kadi ya klabu hujiunga. Mtoto huandikishwa darasa la kwanza. Laini ya simu husajiliwa, na Watanzania hawajasahau mwanzo wa mwaka 2020, wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa baada ya Januari 20. Kenya wana mazoea yao, na husema kusajili mahali pengi ambapo Mtanzania angesema kuandikisha, kwa mfano kuwasajili makurutu wa jeshi au kuwasajili wapiga kura. Hata hivyo huko nako anayeingia kwenye chama cha akiba hujiunga, na chama chenyewe ndicho kinachosajiliwa.

Tofauti hizi zimo ndani ya vitenzi vyenyewe. Kuandika, kabla ya kuwa kazi ya kalamu, kulikuwa kupanga vitu mahali pake, na hadi leo mtu wa pwani huandika meza wakati wa chakula. Mtu akiandikwa, mwingine ndiye amempanga mahali fulani, na ndiyo sababu aliyepata ajira huitwa mtu aliyeandikwa kazi. Ukiongeza -isha, kuna mtu anayesababisha uandishi ufanyike. Ukiongeza -ji-, msababishaji ni wewe mwenyewe: umetoka nyumbani kwa miguu yako, umelitaja jina lako, umetaka liandikwe. Wasemaji wa Kibemba wa mwambao huu wamelijenga neno lao vivyo hivyo bila kutuazima: ukulemba ni kuandika, ukulembesha ni kuandikisha, ukuilembesha ni kujiandikisha. Mkongomani wa Pweto na jirani yake wa Kashikishi wanaweza kuelewana kwa njia hii haraka kuliko kwa neno lolote la Kiingereza. Sajili ilitoka kwenye Kiarabu, ambako sijili ni daftari la mambo ya hukumu na hati, na uzito huo haujaiacha. Kinachosajiliwa kinatambuliwa na mamlaka, kinapewa namba, na kesho kinaweza kutajwa mahakamani. Ndiyo maana vitu visivyo na nia husajiliwa bila taabu, kama gari, kampuni, ndoa, kiwanja au mashua, lakini mashua haiwezi kujiandikisha.

Sasa twende Mantapala. Mwaka 2016 na 2017 mapigano katika mikoa ya Tanganyika na Haut-Katanga, yale ya Waluba na Watwa pamoja na ya makundi yenye silaha katika eneo la Pweto, yaliwafukuza watu wengi makwao. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017 maelfu waliingia Zambia kupitia mpaka wa kaskazini mwa ziwa. Walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, hapa wilayani Nchelenge, na Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, yaliyokusudiwa kuwaweka wakimbizi na wenyeji pamoja katika huduma za shule, afya na kilimo. Wengi wa waliofika wanazungumza Kiswahili cha Katanga, na wengi wanakijua Kibemba au lugha zilizo jirani nacho. Mtu wa namna hii, tangu siku ya kwanza, hutajiwa kuandikwa mara nyingi. Jina lake huandikwa anapopokelewa. Kisha huja usajili wenyewe, unaofanywa na serikali pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, jamaa alio nao, kijiji alikotoka, picha na alama za vidole. Halafu kuna uamuzi wa kutambuliwa kuwa mkimbizi, ambao ni wa serikali chini ya Sheria ya Wakimbizi Namba 1 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1970. Na pembeni kuna orodha za mgao: chakula, fedha, mbegu, vyandarua.

Mambo hayo manne yakiitwa yote kujiandikisha, maafa yake yanaonekana upesi. Aliyeandikwa jina siku ya kupokelewa anaweza kuamini amekwisha kusajiliwa, akakosa kufika siku ya alama za vidole. Aliyesajiliwa kuwa mwomba hifadhi anaweza kuamini amekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi. Anayeona jina lake kwenye orodha ya mgao huhesabu kwamba hadhi yake ni salama, kumbe orodha ya mgao hubadilika kila fedha za wafadhili zinapopungua, na kuondolewa humo hakumwondolei mtu ukimbizi wake. Tena Zambia, iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka sharti lake kuhusu uhuru wa kwenda popote, na kwa hiyo mkimbizi anayetaka kutoka nje ya makazi huhitaji kibali. Akisimamishwa barabarani, mkimbizi huyu wa Mantapala haulizwi kama jina lake liliwahi kuandikwa mahali. Anaulizwa hati. Kwa hiyo mkalimani anayesema, "Kesho mje mjiandikishe," amesema nusu ya jambo. Aliyesema, "Kesho kila mwenye karatasi ya mapokezi aje apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole, ili asajiliwe na kupewa hati yenye namba," amelisema lote, na hajatumia pumzi nyingi zaidi.

Kuna jambo moja la wakimbizi ambalo silabi ya -ji- inabeba uzito wa sheria nzima, nalo ni kurudi. Wasikilizaji wenye umri watakumbuka kambi za Mwange kule Mporokoso na Kala kule Kawambwa, zilizofunguliwa kati ya 1999 na 2000 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita vya wakati ule. Mwaka 2006 Zambia, Kongo na UNHCR zilitia saini makubaliano ya kuwarudisha watu kwao kwa hiari. Safari zikaanza 2007, na 2010 kambi zote mbili zikafungwa. Neno la msingi katika makubaliano ya aina hiyo ni hiari, na hiari huonekana kwenye fomu ambayo mtu mzima huijaza na kuitia saini yeye mwenyewe, akiwa ameelezwa hali ya kule anakokwenda. Mkimbizi hujiandikisha kurudi. Hawezi kuandikishwa kurudi, wala kuorodheshwa kurudi. Siku mtangazaji atakaposoma kwamba wakimbizi wa sehemu fulani wataandikishwa kurudi Pweto, atakuwa amewaambia watu kwamba uamuzi umekwisha kufanywa na wengine, na wapo watakaofungasha usiku huohuo kwenda mahali pengine. Silabi moja imeachwa, na hofu imeingia katika mamia ya nyumba.

Ushahidi mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, haupo kwa wakimbizi peke yao. Upo kwa watoto wa Zambia nzima. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu uzazi 84 katika kila 100 ulitokea katika kituo cha afya, yaani mahali penye muuguzi, kalamu na daftari. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba ni watoto kama 14 tu katika kila 100 walio chini ya miaka 5 ambao kuzaliwa kwao kulikuwa kumesajiliwa na mamlaka ya serikali. Tuzitazame namba hizi kwa makini. Watoto wengi sana wa nchi hii wameandikwa: jina la mama limo katika kitabu cha wodi ya wazazi, uzito wa mtoto umo kwenye kadi ya kliniki, tarehe za chanjo zimo. Na wengi sana hawajasajiliwa. Mama aliyejifungulia Kashikishi katika hospitali ya misheni ya St Paul's, au katika zahanati ndogo ya ufukoni, akiulizwa kama mtoto wake ameandikwa, atasema ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Akiulizwa kama mtoto ana hati ya kuzaliwa, ndipo itakapojulikana kwamba ile kadi iliyokunjwa kwenye kitenge ni ya afya tu.

Sisemi kwamba neno peke yake ndilo lililosababisha pengo hilo. Kuna umbali, kuna nauli ya mashua na ya barabara, kuna fomu zinazokwisha, kuna ofisi chache kwa watu wengi. Hizo ni sababu kubwa, na serikali ndiyo yenye wajibu wa kuziondoa. Lakini mzazi hawezi kuidai huduma ambayo anadhani amekwisha kuipata, na hapo ndipo neno linapoingia. Tanzania ilipata taabu ileile, na kuanzia Mbeya mwaka 2013, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulianza kuupeleka usajili wa watoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kikitolewa bila malipo na taarifa zikitumwa kwa simu. Katika mikoa uliyofika mpango huo, idadi ya watoto wenye vyeti ilipanda kwa kasi. Siri yake ni kwamba kuandikwa na kusajiliwa vilikutana kwenye meza moja. Pale ambapo meza bado ni mbili, kama ilivyo kwa familia nyingi za mwambao huu, ni lazima matangazo yaseme kwamba meza ni mbili.

Kwa mzazi wa Mantapala jambo hili lina upande mwingine. Mtoto akizaliwa, familia huwahi kuomba aongezwe katika kaya yao kwenye kumbukumbu za makazi, maana mgao unategemea idadi ya watu nyumbani. Hiyo ni haki yao, wala hakuna wa kuwalaumu. Ila kuongezwa katika kaya si kusajiliwa kuzaliwa, na kusajiliwa kuzaliwa nako si kuwa raia. Hati ya kuzaliwa inasema mtoto fulani alizaliwa mahali fulani, siku fulani, kwa wazazi fulani. Haisemi ni Mzambia wala haimfanyi asiwe Mkongomani. Nasisitiza hapa kwa sababu upo uvumi wa aina mbili: wa wenyeji wanaohofia kwamba hati inagawa uraia, na wa wazazi wanaohofia kwamba hati itamfungia mtoto njia ya kurudi kwao. Uvumi wa aina zote mbili unatokana na kuliita kila daftari kwa jina moja. Kwa kweli ni kinyume chake. Mtoto atakayerudi Moba au Pweto akiwa na hati inayothibitisha wazazi wake ni nani atakuwa na njia nyepesi ya kudai uraia wa Kongo kuliko atakayerudi mikono mitupu.

Kwa wenyeji, mkanganyiko mkubwa upo kati ya kadi ya taifa na kadi ya kura. Mzambia akifikisha miaka 16 hupewa Kadi ya Taifa ya Usajili, ile NRC, yenye namba ya mafungu matatu, na tarakimu 1 mwishoni ni ya raia. Akifikisha 18 anaweza kujiandikisha kupiga kura, na kadi hiyo ya taifa ndiyo anayoionyesha. Moja ni usajili wa mtu, inadumu naye. Nyingine ni kujiandikisha kwenye daftari ambalo linaweza kufutwa na kuanzishwa upya, kama ilivyotokea mwaka 2020. Tume ya Uchaguzi ya Zambia iliamua wakati huo kutengeneza daftari jipya kabisa kwa uchaguzi wa Agosti 2021, ikawaandika watu kuanzia Novemba 9 mpaka katikati ya Desemba, na daftari lilipokamilika lilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 7. Aliyekuwa na kadi ya kura ya zamani hakuruhusiwa kupiga kura kwayo. Ilimbidi ajiandikishe tena. Ukimwambia mtu kwamba amesajiliwa kuwa mpiga kura, anaelewa kwamba jambo limekwisha na litadumu. Ukimwambia ajiandikishe, anajua kwamba tendo ni lake, na kwamba linaweza kuhitajika tena. Kwa Mkongomani hadithi inageuka. Kwao, tangu watu walipoanza kuandikwa kwa ajili ya kura mwaka 2005, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho, kwa kukosekana kadi ya taifa. Akiambiwa na jirani yake Mzambia kwamba watu wanajiandikisha kura, anaweza kufikiri kitambulisho kinatolewa, akapoteza siku nzima kwenye foleni isiyomhusu, au akajikuta matatani.

Upande wa kilimo na vikundi nitaupitia kwa kifupi, maana huko watu wenyewe wamekwisha kuziona tofauti kwa gharama yao. Ili mkulima mdogo apate mbolea na mbegu za ruzuku ya serikali, chama chake cha ushirika kiwe kimesajiliwa, yeye awe amejiunga nacho, na jina lake liwe limeorodheshwa na kamati ya eneo kati ya watakaopata msimu huo. Vitenzi vitatu, milango mitatu. Kuwa mwanachama miaka 5 hakumhakikishii mtu kuwa kwenye orodha ya mwaka huu. Tangu fedha za maendeleo ya majimbo zilipoongezwa mwaka 2022 hadi kwacha milioni 25.7 kwa kila jimbo, vikundi vya akina mama na vya vijana vimekuwa vikitafuta ruzuku, na kinachotakiwa kwanza ni cheti cha usajili wa kikundi. Kikundi chenye wanachama 30 waliojiunga kwa moyo wote, wenye daftari safi la michango, kama hakijasajiliwa, kitarudishwa mlangoni.

Kuna watakaonipinga, na hoja zao si nyepesi. Wa kwanza watasema kwamba kamusi na magazeti huyatumia maneno haya moja badala ya jingine, na Kenya ni ushahidi. Nakubali kwamba magazeti hufanya hivyo, na mahali ambapo msomaji anaijua ofisi, hati na utaratibu, hakuna anayeumia. Mnairobi akisikia kusajiliwa kuwa mpiga kura anajua tayari ni ofisi ipi na kadi ipi. Mtu aliyevuka ziwa mwezi uliopita hajui. Kwake neno ndilo linalomwonyesha ofisi. Wa pili watasema kwamba Wakongomani wa Katanga hawana mazoea na neno sajili, kwamba wao huandikisha tu, na kilichobaki hukisema kwa Kifaransa, kwa hiyo kuwaletea neno la Dar es Salaam ni kuwaongezea mzigo. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na imenifanya nisidai kwamba kila mtu aseme sajili. Ninachodai ni kwamba tofauti isemwe, kwa maneno yoyote watu waliyo nayo. Kama sajili ni geni, sema kuandikwa na kupewa namba ya serikali. Kama kuorodheshwa ni geni, sema kutiwa kwenye karatasi ya mgao. Usanifu wa lugha haunihangaishi hapa. Linalonihangaisha ni mama mwenye kadi ya kliniki anayedhani ana hati ya kuzaliwa.

Wa tatu watasema sheria zimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili cha mkalimani hakibadilishi kitu katika sheria. Ni kweli, hakibadilishi sheria. Kinabadilisha kama mtu atafika au hatafika siku sheria inapomtaka afike. Kuna na wale wasiosema hoja yao kwa sauti, ila huikimbia foleni. Hao wana kumbukumbu. Kwa wazee wa nchi zetu, kuandikwa jina na mkubwa kulikuwa kuingizwa kwenye kodi au kwenye kazi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliwalazimisha wanaume Waafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande chenye alama za vidole, ndani ya kikebe kilichoning'inizwa shingoni. Huku Rhodesia ya Kaskazini kulikuwa na chitupa, yaani cheti cha kitambulisho, na kodi ya kibanda. Na watu wa Luapula waliandikwa kwa maelfu na kampuni ya Robert Williams kwenda kwenye migodi ya shaba ya Katanga, ya kampuni ya Union Minière iliyoundwa 1906. Kiswahili cha Katanga kilikua kwa kiasi kikubwa katika kambi za migodi hiyo, na kuandikwa kulimaanisha kufungwa na mkataba. Mtu mwenye urithi wa namna hiyo akisita kutoa vidole vyake, asiitwe mjinga. Aambiwe waziwazi daftari ni la nini, nani atalisoma, na yeye anapata nini. Anayejua hayo ndiye anayeweza kweli kujiandikisha, kwa maana kamili ya -ji-.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa maikrofoni, wakalimani wa Mantapala, walimu wanaosoma barua za serikali mkutanini, na makarani wa boma: mnapotangaza, tajeni daftari, tajeni anayeandika, na tajeni karatasi ambayo mtu ataondoka nayo. Na ninyi wazazi mnaonisikiliza, wa Kashikishi na wa Mantapala, wenyeji na wageni, leo jioni zitazameni karatasi za watoto wenu. Kama iliyopo ni kadi ya kliniki peke yake, itunzeni msiitupe, maana inaonyesha siku na mahali mtoto alipozaliwa. Nendeni nayo kwenye ofisi ya usajili pale boma, muulize namna ya kusajili kuzaliwa kwa mtoto, na msiondoke kabla ya kuambiwa hati itatoka lini na itachukuliwa wapi.